Kutoka Kalibu hadi Kiasi: Ukoga wa Risasi Mtutuni na Historia ya Bunduki katika Nyanda za Unyiha na Unyamwanga, 1870–1920

Ikisiri

Insha hii inachunguza tatizo moja la kiufundi, yaani kuganda kwa madini ya risasi ndani ya mtutu wa bunduki, na nafasi yake katika historia ya silaha kwenye eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Hoja kuu ni kwamba gobore halikudumu katika nyanda hizi kwa sababu ya ujinga wa watumiaji wake. Lilidumu kwa sababu lilikuwa bunduki pekee iliyolingana na madini, ufundi na mafuta yaliyopatikana hapa. Kinyume chake, suluhisho ambalo viwanda vya Ulaya vililipata dhidi ya ukoga wa risasi liliihamisha kazi ya kutengeneza risasi kutoka mikononi mwa mwindaji na mhunzi na kuipeleka kiwandani. Kwa hiyo, unyang'anyaji wa silaha wa enzi ya ukoloni unapaswa kusomwa katika sheria na pia katika madini.

Maneno muhimu: gobore, risasi, ukoga wa risasi, uhunzi, Unyiha, Unyamwanga, Mkataba wa Brussels.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: madini mazito na laini ya rangi ya kijivu, na kile kinachorushwa na bunduki. Neno hilo limetokana na Kiarabu, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaziorodhesha maana zote mbili. Mzungumzaji wa karne ya 19 hakuhitaji kuzitofautisha, kwa kuwa risasi ya bunduki ilikuwa risasi tupu: madini yaliyoyeyushwa, yakamiminwa katika kalibu, yakapoa. Kitendo hicho kiliitwa kusubu. Leo risasi nyingi za kivita zimevishwa koti la shaba au la chuma laini, na huenda mtu akazitumia maisha yake yote asiyaone madini yaliyomo ndani. Jina limebaki lilelile, bali kitu chenyewe kimebadilika.

Badiliko hilo ndilo kiini cha insha hii. Wanahistoria wa silaha katika Afrika Mashariki wameandika zaidi kuhusu biashara: idadi ya bunduki zilizoingia, pembe za ndovu zilizolipia, na sheria zilizotungwa kuzizuia. Makala ya Beachey ya mwaka 1962 kuhusu biashara ya silaha mwishoni mwa karne ya 19 bado ni msingi wa mjadala huo. Hata hivyo, kinachotokea ndani ya mtutu baada ya fataki kulipuka kimeachiwa mafundi na wakusanyaji wa silaha kongwe, kana kwamba si suala la historia. Insha hii inashikilia kwamba ni suala la historia. Bunduki inayochafuka hadi isishindilike haina tofauti na rungu, na uwezo wa kuzuia uchafu huo ndio ulioamua ni nani anaweza kuitumia bunduki bila kumtegemea mtu wa mbali.

2.0 Eneo na njia za silaha

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Wakazi wake wa asili ni pamoja na Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Wawanda na Wabungu. Mji wa Tunduma unapakana na Nakonde ya Zambia, na mpaka huo unawapitia Wanyamwanga katikati, kwani jamii hiyo inaishi pande zote mbili.

Katika karne ya 19 nyanda hizi zilikuwa kati ya maziwa mawili, Nyasa na Tanganyika, na misafara ya pembe na watumwa ilizipitia ikielekea pwani. Mwaka 1881 ilianza kujengwa Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo kwa faida ya Kampuni ya Maziwa ya Afrika. Upande wa kusini-mashariki, huko Karonga, kampuni hiyo ilipigana na mfanyabiashara Mlozi kuanzia mwaka 1887, katika vita vilivyohusisha bunduki nyingi za pande zote mbili. Aidha, konseli wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Sehemu kubwa ya silaha hizo ilikuwa bunduki za kushindilia zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya.

Ni bunduki hizo zilizoitwa gumegume, kwa zile za jiwe la kuwashia, na gobore, kwa bunduki ya kushindilia kwa jumla. Katika Kiswahili cha sasa, kumwita mtu gumegume ni kumwambia kwamba hafai kitu. Dharau hiyo imepenya hata katika maandishi ya kitaaluma, ambamo gobore hutajwa kama silaha duni isiyohitaji maelezo zaidi. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwamba maelezo yanahitajika.

3.0 Kinachoganda ndani ya mtutu

Ni lazima kutofautisha aina mbili za uchafu. Wa kwanza ni masizi ya baruti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, kwa uwiano wa kawaida wa asilimia 75, 15 na 10. Inapowaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kama chumvi na masizi. Chumvi hizo hufyonza unyevu wa hewa na kulisha kutu, hasa wakati wa masika. Lakini zina udhaifu mmoja: huyeyuka katika maji. Maji ya moto, kitambaa juu ya mdeki, na mafuta kidogo baada ya mtutu kukauka, vinatosha kuuondoa uchafu huo.

Uchafu wa pili ni wa madini yenyewe, ambao insha hii inauita ukoga wa risasi, kwa kuwa hushikamana na mtutu kama ukoga unavyoshikamana na meno. Maji hayauondoi. Ukoga huu hutokea hasa katika mitutu yenye michirizi ya msokoto, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Ili izunguke, risasi lazima ijaze michirizi hiyo. Ikiwa ni nyembamba kuliko mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni mwake, huichonga na kuiyeyusha juu juu, na madini hayo huganda kwenye kuta. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi tu, ilhali gesi ya baruti ina joto kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Risasi inayofuata hupita juu ya ukoga huo, huongeza wake, na baada ya mapigo machache shabaha hupotea.

Kinga zake zinajulikana, nazo ni za aina nne. Ya kwanza ni kipimo: risasi iwe pana kidogo kuliko mtutu wa michirizi, kwa takriban sehemu mbili hadi tano za mia za milimita. Ya pili ni ugumu: madini ya risasi huchanganywa na stani au antimoni ili yasichongeke kwa urahisi, ingawa risasi ngumu kupita kiasi haitanuki kuuziba mtutu, na hivyo huweza kuleta ukoga uleule iliokusudiwa kuuzuia. Ya tatu ni kilainishi, kama vile nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu, au karatasi inayozungushiwa risasi ili madini yasiguse chuma. Ya nne ni kadiri ya baruti: kasi na shinikizo vikizidi uwezo wa madini laini, kinga tatu za kwanza hazifui dafu.

4.0 Risasi isiyogusa mtutu

Gobore liliukwepa ukoga wa risasi kwa njia nyepesi: mtutu wake ni laini, hauna michirizi, na risasi yake ni tufe lililo dogo kuliko mtutu. Bunduki ya jeshi la Uingereza iliyojulikana kama Brown Bess, ambayo ni mfano mzuri wa aina zilizoletwa Afrika, ilikuwa na mtutu wa takriban milimita 19 na tufe la milimita 17.5 hivi. Uwazi huo uliachwa kwa makusudi ili bunduki iendelee kushindilika hata baada ya masizi kujaa. Kati ya tufe na baruti uliwekwa mzibo wa karatasi, nyuzi za magome au nyasi, ambao ulizuia sehemu ya gesi. Kwa kuwa tufe halikubanwa na kuta na kasi yake ilikuwa ndogo, ukoga uliobaki ulikuwa mdogo na haukuwa na michirizi ya kuijaza.

Gharama ya uwazi huo ilikuwa shabaha. Tufe lisilobanwa huyumba, na kupita hatua mia moja mpigaji hakuweza kutegemea alipolenga. Hilo halipaswi kufichwa. Hata hivyo, mazingira ya matumizi yalifanana na uwezo wa silaha. Mwindaji wa ndovu alinyatia hadi karibu sana, na vita vya wakati huo vilipiganwa kwenye maboma ya miti, ambako aliyejificha nyuma ya ngome alipiga kwa umbali mfupi. Ndani ya mipaka hiyo gobore lilifanya kazi yake, na matunzo yake yalihitaji vitu vilivyokuwamo nyumbani: maji, kitambaa, mafuta ya wanyama na nta. Nta haikuwa adimu. Ufugaji na urinaji wa asali katika misitu ya miombo ni shughuli kongwe ya nyanda hizi.

5.0 Chuma cha milimani na risasi ya pwani

Tofauti kati ya mitutu hiyo miwili inakuwa nzito zaidi tunapouliza madini yalitoka wapi. Wanyiha walikuwa wafua chuma mashuhuri, na Beverly Brock aliuandikia uhunzi wao makala mahususi mwaka 1965. Majirani zao Wafipa walijenga tanuri ndefu zilizoitwa malungu. Kwa maneno mengine, katika nyanda hizi chuma kilikuwa mali ya nyumbani: mawe yake, mkaa wake na mafundi wake walikuwepo.

Madini ya risasi hayakuwa hivyo. Mgodi wa madini hayo ulio karibu, ule wa Uruwira huko Mpanda, ulianza uzalishaji mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na reli ya kuufikia ilikamilika mwaka 1950. Kabla ya hapo, kila kipande cha risasi kilichofika Unyiha kilikuwa kimevuka bahari, kisha kikabebwa kichwani na wapagazi kwa miezi. Madini haya ni mazito kuliko chuma kwa takriban nusu tena, hivyo msafara uliyabeba kwa hasara ya bidhaa nyingine.

Katika hali hiyo, jamii nyingi za Afrika ya Kati ziligeukia madini waliyokuwa nayo. Katanga, chini ya utawala wa Msiri, mafundi walitengeneza risasi za shaba. Kwingineko wawindaji walitumia vipande vya chuma kilichofuliwa. Desturi hiyo ya chuma haijakoma upande wa pili wa mpaka, wala upande huu, ambako vipande vya nondo vimechukua nafasi ya chuma cha tanuri. Mtutu laini huweza kuvumilia jambo hilo: chuma hukwaruza kuta, lakini hakuna michirizi ya kuharibu. Mtutu wa michirizi hauwezi. Chuma hakitanuki kuijaza michirizi, na kikilazimishwa huisaga.

Hapa ndipo hoja ya insha inapojengeka. Mtu wa Unyiha aliyekuwa na gobore aliweza kupiga kwa risasi ya pwani alipoipata, na kwa chuma cha jirani yake mhunzi alipoikosa. Mtu huyohuyo akipewa bunduki bora ya michirizi alipata umbali na shabaha, lakini akawa amejifunga kwa madini ambayo ardhi yake haikuyatoa, yaliyosubiwa kwa kipimo ambacho kalibu ya kawaida haikukifikia. Kuchagua gobore katika mazingira hayo kulikuwa na hesabu ndani yake.

6.0 Suluhisho la viwandani

Wakati huohuo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakipambana na mtutu mchafu kwa nguvu zote. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa na michirizi na mtutu wa milimita 14.7. Risasi yake ya awali, ya milimita 14.4, ilipunguzwa baadaye hadi karibu milimita 14 kwa sababu ilizidi kuwa ngumu kushindilia kadiri masizi yalivyoongezeka. Vifungu vyake vya baruti na risasi vilipakwa mafuta ya kulainisha, na uvumi kuhusu asili ya mafuta hayo, kwamba ni ya ng'ombe na nguruwe, ukawa mojawapo ya vichocheo vya uasi wa askari wa Kihindi mwaka 1857. Kilainishi cha mtutu hakikuwa jambo dogo hata katika historia ya dola.

Bunduki za viasi zilizofuata zilizichukua kinga zote kwa pamoja. Martini-Henry ya Uingereza, iliyopokewa jeshini mwaka 1871, ilitumia risasi ya sehemu 12 za madini ya risasi kwa sehemu moja ya stani, iliyozungushiwa karatasi na kufuatiwa na kizibo cha nta. Mauser ya Kijerumani ya mwaka huohuo, ya milimita 11, ilikuwa na risasi ya gramu 25 iliyovishwa karatasi vilevile. Mauser hiyo ndiyo iliyokuja kubebwa na askari wa serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki, na mwaka 1914 sehemu kubwa ya vikosi hivyo ilikuwa bado nayo, moshi wake ukiwafichua waliokuwa wakiitumia.

Kinga hizo zilifikia kikomo chake pale baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, ilipoanza kuirusha risasi kwa kasi inayozidi mita 600 kwa sekunde. Mauser ya 1871 haikufika mita 450. Kwa kasi hiyo mpya, hakuna mchanganyiko wa stani wala nta uliotosha kwa jeshi. Jibu lilikuwa limeshapatikana Uswisi, ambako Eduard Rubin alitengeneza mwaka 1882 risasi iliyovishwa koti la shaba. Koti hilo liliyazuia madini laini yasiguse mtutu. Liliacha ukoga wake lenyewe, wa shaba na nikeli, lakini kidogo, na taratibu.

Kwa mhandisi, hayo ni maendeleo. Kwa historia ya nyanda zetu, yalikuwa pia ni kufungwa kwa mlango. Risasi ya kusubu humhitaji mtu mwenye moto, chungu na kalibu. Risasi ya koti huhitaji mashine za kukandamiza bamba la metali kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita, pamoja na ganda la shaba na kiwashio chake. Neno kiasi, lenye maana ya kipimo, linaeleza vizuri mabadiliko haya. Mwenye gobore alipima baruti kwa mkono wake kila alipopiga. Katika bunduki ya viasi kipimo kilikwisha kufanywa na mtu mwingine, mahali pengine, na kuuzwa kikiwa kimefungwa.

7.0 Siku mbili za Julai 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa nchi kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika, na kuzaa mpaka ambao Tunduma imekaa juu yake. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai, ulitiwa saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huu ulipiga marufuku kuingiza bunduki za michirizi na risasi zake katika Afrika kati ya latitudo ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa masharti maalumu. Unyiha na Unyamwanga, zilizo karibu na digrii 9 kusini, zilikuwa katikati ya ukanda huo. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena chini ya udhibiti wa maghala ya serikali, ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi na baruti ya kawaida.

Mkataba huo umeelezwa kwa kawaida kama hatua dhidi ya biashara ya watumwa iliyowaachia Waafrika silaha hafifu. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayajakamilika. Waandishi wa mkataba walichora mstari palepale ambapo teknolojia ilikuwa imekwisha kuuchora: upande mmoja bunduki inayoweza kulishwa na mhunzi, upande mwingine bunduki inayolishwa na kiwanda. Kilichobaki chenye kutoka nje kwa lazima katika gobore kilikuwa baruti, na ndiyo maana baruti, vibali na uandikishaji vikawa nyenzo za udhibiti chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza.

Upo mfano wa jirani unaoonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300 za viasi. Ushindi huo uliwapa silaha bora kuliko magobore yao, lakini si uwezo wa kuzilisha. Kila kiasi kilichopigwa kilipunguza akiba isiyoweza kujazwa tena na mhunzi yeyote wa Uhehe. Mpinzani anaweza kudai kwamba bei na sheria pekee zinatosha kueleza kudumu kwa gobore. Lugalo inajibu dai hilo: bunduki hizo zilipatikana bila bei na bila kibali, na bado hazikuweza kujitegemea.

8.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba ukoga wa risasi ni tatizo lililopata majibu mawili. Jibu la kwanza liliacha uwazi kati ya risasi na mtutu, likakubali kupoteza shabaha, na likabaki ndani ya uwezo wa jamii yenye chuma, nta na mafuta. Jibu la pili liliubana mtutu, likapata shabaha na kasi, na likaishia kwenye koti la shaba ambalo kiwanda pekee huweza kulitengeneza. Watu wa Unyiha na Unyamwanga walilishika jibu la kwanza kwa sababu zinazoeleweka, na mamlaka za kikoloni zikaligeuza kuwa kizuizi chao.

Matokeo ya hoja hii yanagusa utafiti wa sasa. Magobore yanaendelea kusalimishwa kwa polisi au kukamatwa, na mara nyingi huteketezwa. Usalama wa raia unalihitaji zoezi hilo, na insha hii haipingani nalo. Lakini mtutu wa gobore ni hati ya kihistoria. Mikwaruzo ya ndani huonyesha kama ulipigishwa chuma, na chembe za madini ya risasi zilizoganda humo zinaweza kupimwa isotopu zake ili kujua zilitoka katika mgodi wa nchi gani. Nyaraka za forodha za pwani hazituelezi risasi iliyofika Vwawa au Tunduma ilichimbwa wapi. Mtutu unaweza kutueleza. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kabla ya magobore ya mkoa huu kuteketezwa, machache yaliyo makongwe yaharibiwe mitambo yake ili yasiweze kupiga tena, kisha yakabidhiwe Makumbusho ya Taifa mitutu ikiwa haijasafishwa. Mwenye gobore alijitahidi maisha yake yote kuuondoa uchafu huo. Mtafiti anauhitaji ubaki.